Kifo cha Shujaa Hakitoshi: Tathmini ya Vigezo vya Kuainisha Vijitanzu vya Tamthilia ya Kiswahili

Ikisiri

Vitabu vingi vya kufundishia fasihi ya Kiswahili hugawa tamthilia katika tanzia, ramsa, tanzia-ramsa, melodrama, kichekesho, tamthilia ya kihistoria na tamthilia ya ubwege, kisha huorodhesha sifa za kila kundi. Makala haya yanahoji msingi wa mgawanyo huo. Yanadai kwamba orodha hiyo inachanganya vigezo visivyo vya aina moja, na kwamba inapotumiwa darasani kama kipimo cha kufaulu au kutofaulu kwa mtunzi, huficha kile ambacho tamthilia inamfanyia mtazamaji. Kwa kuchunguza Kinjeketile, Kifo Kisimani, Aliyeonja Pepo, Mabepari wa Venisi, Amezidi na Nguzo Mama, makala yanapendekeza maswali matatu ya kuongoza uainishaji: nguvu gani inaamua hatima ya kitendo, mtazamaji anapewa nafasi gani, na mwisho unafunga nini na kuacha nini wazi. Majina ya vijitanzu hayatupwi, ila yanapewa kazi mpya.

Istilahi muhimu: tamthilia, vijitanzu, tanzia, ramsa, kichekesho, ubwege, hadhira

1. Utangulizi

Katika makala haya, tamthilia inachukuliwa kuwa utanzu mmoja wa fasihi, na migawanyo yake ya ndani inaitwa vijitanzu. Ufafanuzi huu ni muhimu kwa sababu mjadala wetu umezoea kutumia neno “tanzu” kwa ngazi zote mbili, na matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hulinganisha tanzia na riwaya kana kwamba ni vitu vya rika moja.

Orodha ya vijitanzu inayojulikana sana miongoni mwa walimu ina faida yake. Inampa anayeanza kusoma fasihi msamiati wa kuzungumzia kazi mbalimbali, na inamwezesha kuona kwamba si kila mchezo unalenga kumhuzunisha au kumchekesha. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tutaona kwamba inakusanya majina yaliyozaliwa kwa vigezo tofauti. Tanzia na ramsa hutajwa kwa kuangalia mwelekeo wa kitendo na mwisho wake. Tamthilia ya kihistoria hutajwa kwa kuangalia chanzo cha maudhui. Ubwege hutajwa kwa kuangalia umbo na mtazamo wa kifalsafa. Tamthilia ya kishairi hutajwa kwa kuangalia lugha. Mchezo bubu nao hutajwa kwa kuangalia kukosekana kwa lugha ya maneno. Mtu anayegawa mavuno yake katika mahindi, mazao ya biashara na vitu vilivyohifadhiwa kwenye magunia hana budi kushangaa anapokuta gunia moja la mahindi ya kuuza limeingia katika makundi yote matatu.

Mchanganyiko huu usingekuwa na madhara makubwa kama ungebaki vitabuni. Tatizo ni kwamba umegeuka kuwa namna ya kutahini. Mwanafunzi anaulizwa athibitishe kwamba tamthilia fulani ni tanzia, naye anajibu kwa kuhesabu: kuna shujaa, kuna kosa la shujaa, kuna anguko, kuna kifo, kuna huzuni. Akipata sifa tano kati ya sita, amefaulu. Asipozipata, ama yeye ameshindwa ama mtunzi ameshindwa. Katika nchi jirani za Uganda, Rwanda na Burundi, ambako wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, athari ni kubwa zaidi, kwani wengi wao huisoma tamthilia kama matini ya mtihani kabla hawajaiona jukwaani hata mara moja. Kwao orodha ya sifa ndiyo mlango pekee wa kuingilia. Mlango huo ukiwa umepinda, watauona ukumbi wote umepinda. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipopitishwa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, idadi ya watakaopitia mlango huo inatarajiwa kuongezeka. Ni wakati mwafaka wa kuukagua.

2. Chimbuko la majina na safari yake

Majina ya tanzia na ramsa yalitufikia yakiwa yamebeba historia ya mahali pengine. Aristotle, aliyeandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo, hakuwa akitunga sheria kwa ajili ya ulimwengu mzima. Alikuwa akieleza michezo aliyoijua, iliyoshindanishwa Athens katika sherehe za mungu Dionysus. Alisisitiza kwamba tanzia ni uigaji wa kitendo kizito na kamili, kinachoamsha huruma na hofu, na kwamba mhusika anayeifaa ni mtu asiye mwema kupindukia wala mwovu kupindukia, anayeanguka kwa sababu ya kosa fulani. Mambo mawili katika maelezo yake husahaulika mara nyingi madarasani. Kwanza, hakudai kwamba lazima shujaa afe. Baadhi ya michezo iliyohesabiwa kuwa tanzia katika Ugiriki ya kale, kama vile ule wa Euripides kuhusu Iphigenia katika nchi ya Watauri, inaishia kwa wahusika kuokoka. Pili, aliona kwamba anguko la mtu mwema asiye na kosa halizai tanzia, linakirihisha tu. Tutayarudia mambo haya mawili.

Katika Afrika Mashariki, vigezo hivi viliingia kupitia shule za kikoloni na tamthilia za Shakespeare. Baadaye viliimarishwa na tafsiri zilizofanywa na Waafrika wenyewe: Julius Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na S. S. Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968. Kando ya mkondo huo wa vitabu kulikuwa na mikondo mingine. Kulikuwa na ngoma zenye uigizaji, majigambo, utambaji wa hadithi na miviga, na kulikuwa na vichekesho visivyoandikwa, vilivyobuniwa papo kwa papo mbele ya watu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuyaweka maonyesho ya jadi katikati ya mjadala badala ya kuyaacha pembezoni. Juhudi hiyo haikupenya kikamilifu katika orodha ya vijitanzu. Orodha iliendelea kutoka upande mmoja, na maonyesho ya jadi yakaongezwa mwishoni kama kiambatisho.

3. Maswali matatu badala ya orodha ya sifa

Makala haya yanapendekeza kwamba kabla ya kutaja jina la kijitanzu, mhakiki ajibu maswali matatu.

Swali la kwanza: Ni nguvu gani inayoamua hatima ya kitendo? Inaweza kuwa amri ya miungu, tabia ya mhusika, hila ya mwovu, bahati, au mfumo wa jamii. Swali la pili: Mtazamaji anapewa nafasi gani? Anaweza kuwekwa kama shahidi asiyeweza kuingilia, kama hakimu, kama mshirika katika mzaha, au kama mrithi wa jambo linaloigizwa. Swali la tatu: Mwisho unafunga nini, na unaacha nini wazi? Kifo hufunga maisha ya mhusika, lakini si lazima kifunge swali lililoibuliwa na mchezo.

Maswali haya yana sifa moja ambayo orodha haina: hayawezi kujibiwa kwa kuhesabu. Yanamlazimu msomaji kurudi kwenye mchezo na kufuatilia kitendo hatua kwa hatua. Sehemu zinazofuata zinayajaribu.

4. Tanzia: vifo viwili visivyofanana

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) mara nyingi huwekwa katika kapu moja la tanzia. Sababu inayotolewa ni kwamba kila moja ina kiongozi wa mapambano anayeangamia. Tukiuliza maswali matatu, kapu hilo linapasuka.

Kinjeketile inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa na si nakala ya mtu wa kihistoria. Katika mchezo, Kinjeketile anapagawa na pepo Hongo, anazama mtoni na kutoka akiwa na ujumbe wa umoja na wa maji yatakayowakinga watu dhidi ya risasi. Makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka yanaungana. Ghafla Kinjeketile anang'amua kwamba katika ujumbe huohuo alioutangaza mna ahadi kwamba watu wake watakuwa wana wa Seyyid Said, yaani watatoka chini ya mtawala mmoja na kuingia chini ya mwingine. Ndipo anapoanza kutilia shaka chanzo cha maneno yake. Lakini neno limekwisha kumtoka. Watu wameshaliamini, na hawawezi tena kungoja.

Ni nguvu gani inayoamua hatima hapa? Si miungu pekee, maana mchezo hauthibitishi kwamba Hongo ni kweli. Si udhaifu wa tabia ya Kinjeketile pekee, maana yeye ndiye wa kwanza kushtuka. Nguvu yenyewe ni neno lililojitenga na msemaji wake. Bila neno hilo hapana umoja, na bila umoja hapana vita. Lakini neno hilohilo ndilo litakalowapeleka watu mbele ya bunduki wakiwa na imani isiyo na kinga. Kosa limetapakaa katika jamii nzima, na kila aliyeshiriki alikuwa na sababu njema ya kushiriki. Hii ni tanzia kwa maana ya ndani kabisa: kinachowaokoa watu kutoka katika utengano ndicho kinachowaua.

Swali la pili linatufikisha mbali zaidi. Mtazamaji wa mwaka 1969 alijua tangu mwanzo kwamba maji hayakuzuia risasi. Hakuja ukumbini kujua kitakachotokea. Lakini mwishoni, Kinjeketile akiwa mateka, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, si kwa sababu anayaamini, bali kwa sababu anajua kwamba kukiri huko kutawafikia watoto na wajukuu kama ushahidi kwamba hata kupigana kulikuwa kosa. Wajukuu hao ni akina nani? Ni watu walioketi ukumbini, raia wa taifa huru. Mtazamaji aliyedhani kuwa ni shahidi anagundua kuwa ni mrithi. Na hapo ndipo lipo jibu la swali la tatu: kifo cha Kinjeketile kinafunga maisha yake, lakini kinaacha wazi namna ya kutenganisha ukweli wa mapambano na uongo wa maji. Mwanafunzi anayeishia kuandika kwamba mchezo huu ni tanzia kwa sababu shujaa anakufa ameupita mlango huu bila kuusukuma.

Kifo Kisimani hutenda jambo tofauti. Katika nchi ya kubuni ya Butangi, Mwelusi anapinga utawala wa kidhalimu wa Mtemi Bokono. Watawala wanashindwa kumvunja, na hatimaye wanamtumia Gege, ndugu yake mwenyewe, kwa kumshawishi kwa ahadi ya kumwoza Alida, binti wa Mtemi. Gege anamuua Mwelusi kisimani. Mwelusi hana kosa. Uthabiti wake hauchafuliwi na kiburi wala upofu. Kwa kipimo cha Aristotle mwenyewe, basi, huyu ndiye mtu mwema ambaye anguko lake halizai tanzia. Nguvu inayoamua ni hila ya waovu na tamaa ya ndugu. Mtazamaji hatiliwi shaka hata kidogo kuhusu nani yuko upande wa haki. Na kifo hakifungi mapambano. Kinayachochea, kwani damu inamwagwa mahali ambapo jamii nzima huchota uhai.

Huu ni muundo wa kafara, ukiwa umechanganyika na mgawanyo wa wema na ubaya unaojulikana katika melodrama. Kusema hivyo si kuishusha hadhi Kifo Kisimani. Neno melodrama limetumiwa katika uhakiki wetu kama tusi, wakati linaeleza mkakati halali: kuyafanya maovu yaonekane wazi ili hadhira ipate ujasiri wa kuyataja. Tamthilia hii, iliyowahi kusomwa na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, ilitoka katika kipindi ambacho wananchi walikuwa wakidai mabadiliko ya kisiasa. Hadhira ya namna hiyo haikuhitaji mhusika mkuu mwenye mashaka. Ilihitaji kisima na jina la aliyefia pale. Tukiilazimisha kuwa tanzia, tutamtafutia Mwelusi kosa ambalo hana, na wanafunzi wengi wamefanya hivyo, wakiandika kwamba kosa lake ni “kuwaamini watu mno” au “kuwa na msimamo mkali”. Orodha ya sifa, ikifuatwa kwa utiifu, imewafundisha kumlaumu aliyeuawa. Hapa uainishaji unaacha kuwa suala la istilahi na kuwa suala la maadili ya usomaji.

5. Ramsa na kichekesho: tofauti ya vicheko

Upande wa kicheko, istilahi zenyewe hazijatulia. Ramsa, futuhi, komedia na kichekesho hutumiwa na wataalamu mbalimbali, mara kwa maana moja, mara kwa maana tofauti. Makala haya yanapendekeza kutenganisha mbili. Kichekesho kijengwe juu ya tukio: mtu anateleza, anadanganywa, anajifanya asichokuwa, anafichuliwa. Ramsa ijengwe juu ya utaratibu: kuna kanuni ya kijamii iliyopinda, kicheko kinaionyesha, na mwisho unajaribu kuinyoosha au kuikejeli.

Vichekesho vya Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990 vinasaidia kuonyesha tofauti hiyo. Makundi kama Muungano Cultural Troupe, na baadaye Tanzania One Theatre iliyoanzishwa mwaka 1992, yalitoa onyesho refu lililochanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na muziki. Kichekesho kilikuwa sehemu moja ya mlo mzima. Hakikuwa na matini iliyoandikwa, na kiliongezwa au kufupishwa kulingana na mwitikio wa watazamaji. Mtu aliyezoea orodha ya vitabuni atasema ni sanaa isiyokamilika. Lakini mtazamaji hapa ni mshirika: kicheko chake ndicho kinachoamua urefu wa kitendo. Hakuna tanzia iliyoandikwa inayompa mtazamaji mamlaka kama hayo.

Aliyeonja Pepo ya Farouk Topan (1973) inaanza kama kichekesho na kukua kuwa ramsa. Mvuvi anachukuliwa na kupelekwa peponi kimakosa. Kosa ni la kiofisi, la aina inayofahamika kwa kila aliyewahi kupanga foleni mbele ya dirisha la karani. Kicheko cha kwanza ni cha tukio: malaika naye hukosea. Kicheko cha pili ni kizito zaidi: kama hata mbinguni kuna urasimu, basi urasimu umekuwa kwetu kipimo cha kuwazia kila kitu, hata haki ya Mungu. Mtazamaji anacheka, kisha anajikuta akiuliza ni nani hulipa gharama ya kosa la mwenye mamlaka. Swali hilo haliko mbali na la Kinjeketile. Ni nafasi ya mtazamaji ndiyo iliyobadilika.

Mabepari wa Venisi inatufundisha jambo jingine, kwamba kijitanzu kinaweza kubadilika bila kitendo kubadilika. Kwa Kiingereza mchezo huu huhesabiwa kuwa komedia kwa sababu unaishia kwa ndoa na maridhiano. Jina lake la asili linataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliandika wingi, tena kwa neno lenye uzito wa kisiasa, na tafsiri ikatoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa tendo hilo moja la kutoa jina, Shylock haonekani tena kama mgeni mbaya aliyeingia katika mji mwema. Anakuwa mmoja katika kundi, na Antonio na rafiki zake wamo katika kundi hilohilo. Mtazamaji aliyealikwa kusherehekea harusi anaalikwa sasa kuhukumu uchumi mzima unaoweza kuipa nyama ya binadamu bei. Orodha ya sifa haiwezi kuliona badiliko hili, kwa kuwa ndoa bado zipo mwishoni. Swali kuhusu nafasi ya mtazamaji linaliona mara moja.

6. Ubwege wenye anwani

Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995) hutajwa sana kama mfano wa ubwege katika Kiswahili. Wahusika wake wawili wakuu, Ame na Zidi, ambao majina yao yakiunganishwa yanatoa jina la mchezo, wanaishi katika hali ya ufukara, mazungumzo yanayozunguka na ndoto zisizo na mguu wala mkono. Ni rahisi kumkumbuka Samuel Beckett, ambaye mchezo wake kuhusu watu wawili wanaomngoja Godot ulioneshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1953.

Ufanano upo, lakini unaishia katika umbo. Katika mchezo wa Beckett, sababu ya kungoja haijulikani, na kutojulikana huko ndiko kiini cha mchezo: binadamu ametupwa katika ulimwengu usiojieleza. Katika Amezidi sababu ina anwani. Kuna misaada, madeni, viongozi waliozoea kuomba, na jamii iliyofundishwa kuona kuomba kama kazi. Kinachoonekana kama upuuzi wa kuwako ni upuuzi uliotengenezwa, na kilichotengenezwa na watu chaweza kutenguliwa na watu. Kwa hiyo nguvu inayoamua hatima ni mfumo, na mtazamaji anawekwa kama hakimu, hata anapocheka. Tukisema ubwege na kunyamaza, tunauhamisha mchezo huu kutoka katika historia ya Afrika baada ya uhuru na kuupeleka katika falsafa isiyo na mwenyewe. Jina sahihi zaidi ni tashtiti iliyovaa vazi la ubwege.

7. Nguzo Mama na mipaka ya orodha

Kipimo kikali zaidi cha orodha yoyote ni kazi ambayo haiingii ndani yake. Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) ni kazi ya namna hiyo. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Bi Msimulizi anaongoza kwa masimulizi na nyimbo. Wahusika wengi hawatajwi kwa majina ya kipekee bali kwa namba: Bi Pili, Bi Nne na wenzao. Kila mmoja analeta tatizo lake, na kila tatizo linaidhoofisha mikono inayoinua. Mwishoni nguzo haijasimama.

Tukiuliza kwa orodha, majibu ni ya kukatisha tamaa. Si tanzia, maana hakuna shujaa mmoja wala anguko; nguzo haikuwahi kusimama hata ianguke. Si ramsa, maana hakuna maridhiano. Si melodrama, maana mwovu hayuko peke yake. Uzito umegawanyika kati ya desturi, umaskini, waume na wanawake wenyewe. Wapo wanafunzi wanaohitimisha kwamba msuko wake ni dhaifu na wahusika wake ni bapa. Wanaupima utambaji wa hadithi kwa kipimo cha ukumbi wa Athens.

Tukiuliza maswali matatu, mchezo unafunguka. Nguvu inayoamua ni mpangilio wa mahusiano ya kijamii, ndiyo maana namba zinatosha kuwa majina: yeyote angeweza kukaa katika nafasi hiyo. Mtazamaji anawekwa kama mwanakijiji anayezungumzishwa na msimulizi, kwa utaratibu uleule wa utambaji ambamo hadhira huitikia na kuimba. Mwisho haufungi chochote kwa makusudi, kwa kuwa nguzo iliyosimama jukwaani ingempa mtazamaji ruhusa ya kwenda nyumbani akiwa ameridhika. Si ajabu kwamba katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1980, Penina Muhando alishiriki pamoja na wenzake katika ukumbi wa maendeleo kijijini Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji walitumia ngoma na maigizo kujadili matatizo yao wenyewe. Nguzo Mama ni ukumbi wa majadiliano ulioandikwa kitabuni. Hiki ni kijitanzu kamili, chenye mantiki yake na ukoo wake katika sanaa za maonyesho za Kiafrika, na kinastahili jina lake katika mwili wa orodha, si katika kiambatisho.

8. Pingamizi na mapendekezo

Yapo mapingamizi mawili ya haki. La kwanza ni kwamba majina ya vijitanzu yanatuunganisha na uhakiki wa dunia. Tukiyaacha, tutabaki tukizungumza peke yetu. Makala haya hayapendekezi kuyaacha. Kulinganisha Kinjeketile na Mfalme Edipode, ambaye naye anang'amua kwa kuchelewa maana ya maneno aliyoyatamka, ni zoezi lenye manufaa makubwa. Kinachopendekezwa ni kwamba jina lije mwishoni mwa usomaji kama hitimisho, na sio mwanzoni kama hukumu.

Pingamizi la pili ni la mwalimu: darasa lina wanafunzi wengi, muda ni mfupi, na maswali ya kuhesabu ni rahisi kusahihisha. Hilo ni kweli. Hata hivyo, swali jema si lazima liwe refu. Badala ya kumtaka mwanafunzi athibitishe kuwa Kinjeketile ni tanzia, tunaweza kumuuliza: “Je, Kinjeketile angekiri kwamba maji ni uongo, hadhira ingepoteza nini?” Badala ya kumtaka aorodheshe sifa za ubwege, tunaweza kumuuliza: “Ni nani mwenye uwezo wa kuibadilisha hali ya Ame na Zidi?” Majibu ya maswali haya yanasahihishika, na mwanafunzi hawezi kuyajibu kwa kukariri.

Kwa hiyo yanapendekezwa mambo matatu ya kivitendo. Kwanza, vitabu vya kufundishia vitenganishe vigezo: mwelekeo wa kitendo upande mmoja, chanzo cha maudhui upande wa pili, umbo na lugha upande wa tatu, ili mchezo mmoja uweze kuelezwa kwa pande zote bila kuonekana kwamba unajipinga. Pili, vijitanzu vilivyokulia katika utambaji, ngoma na vichekesho vipewe nafasi sawa na vile vilivyotokana na Ugiriki. Tatu, hasa katika nchi ambako Kiswahili kinajifunzwa kama lugha ya ziada, kila tamthilia ya kutahiniwa isomwe kwa sauti na kuigizwa walau onyesho moja kabla ya istilahi yoyote kuandikwa ubaoni. Mwanafunzi aliyewahi kusimama katika nafasi ya Kitunda na kumsihi Kinjeketile aokoe maisha yake hatahitaji kuambiwa huruma na hofu ni nini.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vifo viwili vinaweza kuwa vya vijitanzu viwili, kwamba ndoa zilezile zinaweza kuwa komedia katika lugha moja na mashtaka katika lugha nyingine, kwamba ubwege unaweza kuwa na anwani, na kwamba nguzo isiyosimama inaweza kuwa mwisho uliokamilika. Katika mifano yote, kilichotofautisha kazi na kazi hakikuwa idadi ya sifa bali uhusiano kati ya nguvu inayoamua, nafasi ya mtazamaji na namna ya kumaliza. Watunzi wa tamthilia ya Kiswahili wamekuwa wakiubuni upya uhusiano huo kwa zaidi ya nusu karne, wakichota Athens, London, Paris, Giningi na uwanja wa kijiji bila kuomba radhi. Kazi iliyobaki ni ya wahakiki na walimu: kuwa na msamiati unaoweza kuwafuata walikokwisha kufika.